Kumpigia mama wa kijijini ukiwa Ujerumani: hesabu yangu ya miaka minane

Mdogo wangu, umeeleza kwamba mwezi wa tisa unaondoka Kilolo kwenda Ujerumani kusomea uuguzi kwa miaka mitatu, kwamba mama anabaki nyumbani na kitochi, na kwamba unatafuta programu ya kupiga simu kwa intaneti iliyo nafuu kuliko zote. Waliotangulia kukujibu wamekutajia programu tano au sita, na zote zinafanya kazi. Mimi naishi Leipzig tangu 2017, mama yangu yuko Rungwe, kwenye mabonde ya Masoko chini ya Tukuyu, na kwa muda wote huo nimeshalipia simu kwa karibu kila njia iliyopo, zikiwemo za kijinga. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, tena nitaelemea upande ambao swali lako halikuugusa, yaani upande wa mama, kwa kuwa gharama ya simu zako kwa miaka hiyo mitatu itaamuliwa zaidi na simu atakayokuwa nayo yeye, bando litakalokuwemo na mnara anaoupata akiwa jikoni kwake, kuliko kitu chochote utakachopakua wewe.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyaita kwa pamoja simu za intaneti. Jambo la kwanza ni simu ya programu kwa programu, kama zile za WhatsApp, Telegram, Signal au imo, ambapo wewe una intaneti na unayempigia ana intaneti. Hapo hakuna anayelipia dakika, kila mmoja analipia data yake tu. Jambo la pili ni simu inayoanza kwako kama intaneti na kuishia kwa mwenzako kama simu ya kawaida: unafungua programu, unanunua salio, unapiga namba inayoanza na +255, na kitochi cha mama kinaita kama kinavyoita siku zote. Viber, kwa mfano, hufanya yote mawili, ila la pili kwa malipo. Kwa mama mwenye kitochi jambo la kwanza halina msaada wowote, hata ukiwa na waifai ya kasi namna gani, na unabaki na hilo la pili.

Hilo la pili ni ghali kwa Tanzania. Utaona kwenye orodha za bei kwamba kupiga Marekani ni senti chache tu kwa dakika, ilhali kupigia simu ya mkononi ya Tanzania ni mara nyingi ya hapo, na utadhani kuna mtu anakuibia. Sababu yake ni kwamba kampuni inayopokea simu kutoka nje huitoza kampuni iliyoileta ada ya kila dakika ili iifikishe kwa mteja wake, na ada hiyo kwa simu zinazoingia Tanzania iko juu. Programu yoyote halali, iwe ya Ulaya au ya Marekani, italipa ada hiyo kwanza ndipo ifikirie faida. Ukikutana na inayokuahidi dakika za Tanzania kwa bei ya kutupa, subiri nifike kwenye habari ya tapeli hapo chini.

Njia ya ghali kuliko zote ni kubonyeza namba ya mama moja kwa moja kwenye laini ya Ujerumani. Vifurushi vingi vya huko vinavyotangazwa kuwa unapiga bila kikomo vinahusu namba za Ujerumani, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2019 iliyoweka ukomo wa senti 19 kwa dakika kabla ya kodi inahusu simu za kwenda nchi nyingine za Umoja huo, sisi hatumo. Wiki yangu ya kwanza niliweka vocha ya Yuro 15 nikampigia mama kumwambia nimefika. Tulisalimiana, nikamsimulia habari ya ndege, akaniuliza kama nimepata koti, na kabla sijajibu habari ya koti salio likaisha. Zilikuwa dakika kumi, yaani Yuro moja na nusu kwa kila dakika, na kwa siku mbili mama aliamini kwamba mwanawe yuko kwenye baridi bila koti, hadi nilipopata njia nyingine ya kumfikia.

Njia hiyo ilikuwa Skype, ambayo wengi wetu tuliitumia kwa salio hadi ilipofungwa tarehe 5 Mei 2025. Ninaitaja kwa sababu utakutana na ushauri wa zamani mtandaoni unaokuelekeza huko, nawe ujue kwamba mlango huo haupo tena. Waliokuwa wakiitumia wamehamia kwenye programu nyingine za salio, na hapo ndipo linakuja suala la kusoma bei, ambalo watu wengi hulipita haraka.

Bei ya dakika inayoandikwa kwa herufi kubwa siyo unayolipa. Tuchukue mfano wa kampuni mbili nisizozitaja: ya kwanza inatoza senti 28 kwa dakika, pamoja na senti 10 za kuunganishwa kila simu, na inahesabu dakika nzima nzima; ya pili inatoza senti 33 kwa dakika, haina ada ya kuunganishwa, na inahesabu kwa sekunde. Ukimpigia mama kumwambia tu kwamba hela imeshatumwa, mkaongea dakika moja na sekunde kumi, ya kwanza itakata senti 66 kwa kuwa imehesabu dakika mbili, na ya pili itakata senti 38 na nusu. Mkiongea dakika ishirini, ya kwanza ni Yuro 5.70 na ya pili ni Yuro 6.60, hivyo iliyokuwa ghali inageuka kuwa nafuu. Kabla hujachagua, angalia kwenye simu yako uliyonayo sasa ni simu za namna gani unazompigia mama zaidi, za kupashana habari au za kukaa na kuongea. Angalia pia kama bei imeshajumuisha kodi na kama salio lina tarehe ya kuisha, kwa sababu yapo masalio yanayopotea usipoyagusa kwa miezi kadhaa, na mimi nimewahi kupoteza Yuro nane kwa namna hiyo kwa sababu tu nilikuwa likizo nyumbani, nikila ndizi za mama mwenyewe badala ya kumpigia.

Sasa habari ya tapeli. Mwaka 2018 niligundua programu moja ya bei ya chini mno, nikanunua salio la miezi mitatu kwa mkupuo na kujipongeza. Nikapiga jioni ya kwanza, haikupokelewa. Nikapiga ya pili na ya tatu, vilevile. Siku ya tano kaka yangu anayefanya biashara Mwanjelwa, Mbeya mjini, akanitumia ujumbe kwamba mama ana wasiwasi, kuna tapeli anamsumbua kila siku saa mbili usiku na kila siku anabadilisha namba. Tapeli huyo nilikuwa mimi. Kila simu yangu ilikuwa ikiingia kwake kwa namba tofauti ya Tanzania, na ni mimi mwenyewe niliyemwonya kabla sijaondoka kwamba asipokee namba asiyoijua, wala asijibu ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mama alitii ushauri wangu barabara.

Kilichokuwa kikitokea ni kwamba baadhi ya simu za bei ya kutupa hupitishwa kwenye mashine zilizojaa laini za Tanzania, ili simu ya nje iingie kama imepigwa na mtu aliye nchini na ile ada ya kimataifa ikwepwe. Ni kosa kisheria, sauti huwa mbaya, na laini hizo zikigunduliwa hufungwa, ndiyo maana namba hubadilika kila mara. Kwa hiyo ukipata programu mpya, weka salio dogo kabisa wanaloruhusu, mpigie kaka au rafiki mwenye subira, kisha muulize ameona namba gani kwenye kioo. Programu nzuri hukuruhusu kuthibitisha namba yako ya Ujerumani, na simu ikaingia kwa mama ikiwa na namba hiyo hiyo, inayoanza na +49. Namba hiyo ihifadhiwe kwenye kitochi chake kwa jina lako, tena iandikwe kamili pamoja na alama ya kujumlisha, kwa sababu ikiandikwa kuanzia sifuri kitochi kinaweza kisiitambue na utageuka kuwa mgeni.

Nilidumu na salio hadi 2020, nikilipa kati ya Yuro 25 na 30 kwa mwezi. Mwaka huo kaka alimnunulia mama simu janja iliyotumika, na gharama yangu ikashuka hadi chini ya theluthi moja, ingawa haikushuka siku ile ile, kwa sababu simu janja bila mpango ni shimo. Bando la kwanza tulilomwekea, la GB 1 kwa wiki, liliisha siku ya pili kabla hata hatujapigiana. Mpwa wangu alipoifungua simu alikuta magrupu matatu, la ukoo, la kwaya na la mtaa, yote yakipakua picha na video zenyewe, na programu nyingine zikijisasisha usiku kucha. Alizima upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti na video, akazuia programu zisijisasishe kwa data ya laini, na ndani ya mipangilio ya WhatsApp akawasha ile sehemu ya kutumia data kidogo wakati wa simu. Tangu hapo GB 1 ile ile humaliza wiki na hubaki. Kwa vipimo nilivyosoma kwenye simu yangu, saa moja ya maongezi ya sauti hula takriban MB 30, na saa moja ya video hula MB 300 au zaidi, yaani mara kumi. Sisi huwasha video Jumapili tu, dakika tano za mwisho, ili anione kama nimekonda.

Kuhusu malipo, usimwekee mama bando kila wiki ukiwa Ujerumani. Tovuti za kununua vocha kutoka nje hujikatia sehemu yake kila unaponunua, na kutuma hela kidogo kidogo kunaishia kwenye ada. Mimi hutuma ya miezi mitatu kwa mara moja kwa mpwa wangu, naye humuungia bibi yake kila Jumatatu. Ni shilingi 15,000 kwa mwezi, ambazo ni kama Yuro tano na kitu. Mpwa naye ana haki ya ujira wake mdogo, na usimnyime, kwani siku akisusa utarudi kwenye senti 33 kwa dakika.

Jambo ambalo hakuna programu itakayokutatulia ni mnara. Kwetu Masoko, ndani ya nyumba simu ya mama huonyesha ile herufi E karibu na alama ya mtandao, yaani mtandao wa zamani wenye kasi ndogo, na kwenye E simu ya intaneti husikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa, kisha hukatika. Akitoka hatua thelathini hadi kwenye mparachichi nyuma ya jiko, kilima hakimzibi tena, mtandao unapanda, na maongezi yanakuwa safi kana kwamba yuko chumba cha pili. Mparachichi huo ndio umekuwa ofisi yetu. Kuna kigoda pale ambacho hakuna mwingine anayekikalia. Kilolo kwenu nako ni milima na mabonde kama kwetu, kwa hiyo wiki hizi kabla hujaondoka, azima simu za majirani zenye laini tofauti, za Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL kama ipo, uzungukie nazo nyumba yenu asubuhi na jioni, chumbani, jikoni na uani, uone ipi inashika wapi. Laini inayosifiwa Iringa mjini yaweza kuwa haina maana yoyote kwenye bonde lenu. Ukiona simu inarukaruka kati ya 4G na E, ingia kwenye mipangilio uifunge kwenye 3G. Kasi inapungua kidogo lakini maongezi hayakatiki.

Masika yakianza, mparachichi hauna maana, kwa sababu hakuna atakayekaa chini ya mvua ya Rungwe kwa ajili ya simu. Miezi hiyo tunaishi kwa ujumbe wa sauti. Mama hurekodi akiwa ndani, ujumbe unasubiri kwenye simu, na mtandao ukipata nguvu hata dakika moja usiku, unaondoka wenyewe. Nilidhani ungekuwa mbadala wa shida tu, lakini mama ameupenda kuliko simu yenyewe, kwa kuwa hana haja ya kukumbuka kwamba dakika zinakwenda, hivyo hunieleza habari ya ng'ombe kuanzia mwanzo hadi mwisho, mvua ikipiga bati nyuma yake, na mimi huusikiliza nikiwa kwenye tramu nikienda kazini.

Kuna kero moja ya kiufundi ambayo itakusumbua kwa sababu ya adabu zetu. Sauti inayosafiri kwa intaneti huchelewa, na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, hupendekeza ucheleweshaji wa kwenda upande mmoja usizidi milisekunde 150. Ukizidi sana, watu huanza kuongea kwa pamoja bila kukusudia. Salamu zetu ni za kupokezana, za huku zikiwa bado zinatoka za kule zimeshaanza, ikabidi mwanzo wa kila simu tugongane, tunyamaze wote wawili, kisha tugongane tena. Tulikubaliana kwamba mama asalimie zote, amalize, aseme "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, ndipo mimi nianze kuitikia. Kwa upande wako tumia spika za masikioni za waya, kwa kuwa zisizo na waya huongeza kuchelewa na kuongea kwa spika ya wazi humrudishia mama mwangwi wa sauti yake mwenyewe, naye atadhani kuna mtu wa tatu anasikiliza.

Pamoja na yote hayo, usiache kuwa na salio la Yuro kumi kwenye programu ya kupiga namba za kawaida. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Nilikaa nikiangalia alama moja ya tiki kwenye WhatsApp hadi nilipokumbuka kwamba laini ya kawaida haitegemei bando la mama, nikampigia, akapokea akiwa anatoka kanisani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na hapo salio hilo halikuwa anasa tena. Simu yangu iliingia mara ya sita, tukaongea dakika tatu, na sikuiangalia bei. Kwa sababu hiyo hiyo kitochi cha mama kisitupwe wala kisigawiwe. Kikae na chaji, na laini yake iendelee kutumika, maana siku umeme ukikatika kutwa nzima, simu janja itazima kabla ya jioni lakini kitochi kitakuwa hai.

Waliouliza hapa kuhusu ndugu walioko nchi nyingine, niwajibu kwa kifupi: Umoja wa Falme za Kiarabu huzuia simu za WhatsApp, ingawa ujumbe wa maandishi unapita, hivyo walioko Dubai hutumia programu zilizoruhusiwa huko kama Botim, na China WhatsApp yenyewe imefungwa, hivyo pande zote mbili zinahitaji WeChat.

Namba yako ya Tanzania usiiache ife. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na inaweza kupewa mtu mwingine, na kama WhatsApp yako bado iko kwenye namba hiyo, huyo mtu anaweza kuiwasha kwa jina lako na kuwaomba ndugu zako hela. Weka namba ya siri ya hatua mbili kwenye WhatsApp kabla hujapanda ndege, umwekee mama pia ya kwake, na umfundishe kwamba ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe WhatsApp inapowashwa haisomwi kwa mtu yeyote, hata anayejiita mchungaji. Laini yenyewe nenda nayo, uiweke kwenye nafasi ya pili ya simu, data ya ughaibuni ikiwa imezimwa, na uitumie mara kwa mara ili isilale.

Ningekuwa wewe, mimi ningefanya hivi: ningetenga sehemu ya hela ya maandalizi kwa simu janja ya mama yenye betri kubwa, laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe na siyo chako, na ningemteua mtoto mmoja wa jirani au wa ndugu awe fundi wake. Ningepanga saa ya kuongea kwa kufuata saa ya mama, kwa sababu Ujerumani hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba ilhali yeye habadilishi. Saa mbili yake ya usiku itakuwa saa moja kwako wakati wa kiangazi, na saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi. Kisha, wiki mbili kabla ya safari, nenda ukakae Iringa mjini kwa siku tatu, na kila jioni umpigie mama kwa WhatsApp kama vile umeshafika Ujerumani, bila mtu kumsaidia kushika simu, uone ni wapi anakwama ukiwa bado unaweza kupanda basi kurudi Kilolo kumwonyesha.